Saa Njema ya Kwenda Kathmandu

Kutoka Biratnagar mpaka Kathmandu ni dakika thelathini na tano kwa ndege. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye tiketi, na hivyo ndivyo wakubwa wanavyosema redioni kila wanapotaka kujisifu. Jhapat Bahadur Karki hakuwa akisadiki. Dakika hizo aliwahi kuzingoja kutwa nzima, majira ya baridi ya mwaka juzi, mkewe Dhanmaya akiwa amelazwa kwenye machela katika ukumbi wa uwanja wa ndege, na karatasi ya daktari imewekwa kifuani: apelekwe Kathmandu haraka.

Asubuhi waliambiwa ukungu. Ukungu ulipoinuka wakaambiwa anga ya Kathmandu imefungwa, kuna mkubwa anarudi kutoka safari za ng'ambo na lazima apokewe kwa maua. Alasiri wakachoka kungoja, wakatafuta gari la wagonjwa, wakashika barabara. Na barabara yenyewe ilikuwa imechimbuliwa na wakubwa hao hao, ikaachwa wazi kama kidonda kisichofungwa. Dhanmaya alikata roho kwenye kona za Sindhuli, gari likiwa limesimama kupisha tingatinga.

Tangu siku hiyo Jhapat hakupanda ndege, wala hakuamini saa ya mtu yeyote anayelipwa mshahara na serikali.

Sasa ilimbidi apande. Apsara, mwanawe wa pekee, alikuwa anaondoka Kathmandu Ijumaa jioni kwenda Japani, kazi ya kutunza wazee, mkataba wa miaka mitano. Na kwao mtoto haendi nchi ya mbali bila mzazi kumbandika tika kwenye paji la uso: mchele uliovurugwa na mtindi na unga mwekundu, na juu yake maneno ya baraka. Mama alikuwa hayupo. Mzazi aliyebaki ni yeye, na umri wake ulikuwa umeshapita sabini. Miaka mitano si kitu ambacho mtu wa sabini anaweza kukiahidi.

"Unakwenda kuwaosha migongo wazee wa Kijapani," alimwambia bintiye kwenye simu. "Na huyu wa kwenu ataoshwa na nani?"

"Wewe huogi, Baba. Mpaka Mama akusukume ndiyo ulikuwa unaoga. Njoo na tika yako, basi. Mimi mlangoni siingii bila tika."

"Nitakuja. Siwaamini, lakini nitakuja."

Tiketi yake ilikuwa ya Alhamisi. Siku hiyo aliichagua mwenyewe, kwa kalenda iliyotundikwa ukutani, maana Kathmandu iko upande wa magharibi, na Alhamisi njia ya magharibi iko wazi. Ijumaa ndiyo nuksi. Ijumaa hakuendwi magharibi. Aendaye huenda, lakini hajui atarudi na nini.

Alhamisi akaenda uwanjani, akakaa kwenye kiti cha bati mpaka jua likapita utosini. Ukungu. Safari ikafutwa. Kijana wa dirishani akampigia muhuri tiketi yake, akamrudishia.

"Kesho asubuhi, Babu."

"Kesho ni Ijumaa!"

"Ndiyo, Babu. Baada ya Alhamisi huwa inakuja Ijumaa."

"Mimi nakwenda magharibi, mtoto wewe. Ijumaa hakuendwi magharibi."

"Ndege haijui Ijumaa, Babu. Inajua tiketi. Anayefuata!"

Dawa ya jambo hilo Jhapat alikuwa anaijua, kama anavyoijua kila mtu aliyelelewa na bibi. Siku ikiwa mbaya, unahamisha saa. Unautoa mkoba wako nyumbani katika siku njema, unauweka kwa jirani, na safari inahesabiwa imeshaanza. Kesho yake unapita tu kuuchukua mkoba, kama mtu aliyepumzika njiani. Kwa hiyo hakurudi kwake na mkoba. Alikwenda moja kwa moja kwa Ful Kumari Rajbanshi, mjane muuza samaki, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji.

Ful Kumari alikuwa anapara samaki uani. Alimwona na mkoba, akacheka kabla hajasalimiwa.

"Umehamia kwangu leo, kaka Jhapat? Watu watasema nini?"

"Sihami. Nahamisha saa. Mkoba wangu ulale kwako, kesho alfajiri naupitia. Safari yangu imeanza leo."

"Kwa hiyo mkoba uko safarini."

"Uko safarini."

"Na mwenye mkoba?"

"Naye yuko safarini. Ila analala kwake."

Ful Kumari akaweka kisu chini. "Hee! Serikali ikisema maneno kama hayo, unaitukana wiki nzima."

"Usifanyie mzaha saa ya heri, mwanamke wewe. Uweke mahali pa juu, samaki wasiufikie."

"Samaki wangu wamekufa, hawaendi popote. Lete." Akaupokea mkoba kwa mikono miwili, maana hata yeye, pamoja na mdomo wake, hakuwa mtu wa kuchezea mambo hayo. Aliuning'iniza kwenye msumari juu ya kitanda chake. "Nenda kalale, msafiri. Na umwambie Apsara akiona mume mzuri wa Kijapani asisahau kuna mjane huku."

Asubuhi ya Ijumaa Jhapat aliupitia mkoba. Ndani yake mlikuwa na mchele, kikopo cha mtindi, karatasi ya unga mwekundu, na mikate ya pete ya unga wa mchele aliyoikaanga mwenyewe na ikaungua upande mmoja. Alitoka mlangoni kwa Ful Kumari bila kugeuka nyuma. Kwa hesabu yake, hii ilikuwa bado Alhamisi.

Uwanjani wakangoja tena. Ndege iliyotakiwa kuondoka saa mbili iliondoka saa tano. Ilikuwa ndege ya pangaboi mbili, mkia wa kijani, imejaa mpaka kiti cha mwisho. Jhapat alipangiwa kiti cha dirishani. Pembeni yake alikaa tajiri mmoja wa nguo wa mtaa wa soko, Ghewarchand, mtu mnene mwenye vidole vya pete, ambaye Jhapat alimjua kwa sura tangu zamani, alipokuwa akifanya kazi kiwanda cha magunia ya juti.

"Mzee Karki! Wewe unapanda ndege? Si uliapa?"

"Niliapa. Wakubwa wamenivunjisha kiapo, kama walivyovunja kila kitu."

"Wamefanya nini tena?"

"Hawajafanya kitu. Ndiyo kosa lao."

Ndege iliruka. Mashamba ya haradali yakabaki chini, manjano, kisha mto, kisha vilima. Upande wa kulia milima ya theluji ilikaa mahali pake, na watu wakaanza kuipiga picha. Jhapat aliitazama kidogo akaiacha. Alikuwa anatazama chini, akitafuta barabara ya Sindhuli. Ilipotokea ilikuwa uzi mwembamba uliokunjwakunjwa. Aliitazama mpaka ikaingia chini ya bawa. Kutoka huku juu ilikuwa safari ya kumaliza kikombe cha chai.

Na kweli, mhudumu alipopita na chai, hata vikombe havijakusanywa, sauti ikasema kwenye spika kwamba wanakaribia Kathmandu. Jhapat akashika mkoba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alifikiri, labda hawa watu wamejifunza kitu.

Ndege ikakata kushoto. Ikaendelea kukata kushoto. Jua likatoka dirisha hili likaenda dirisha lile, kisha likarudi.

"Tunazunguka," alisema Ghewarchand.

"Kwa nini tunazunguka?"

"Foleni. Kathmandu kuna njia moja tu ya kutua, na ndege za dunia nzima zinaitaka hiyo hiyo. Za Uarabuni, za Bangkok, za wapi. Asubuhi kulikuwa na ukungu, sasa zote zimefika pamoja."

"Na sisi wa hapa hapa?"

"Sisi wa hapa hapa tunawapisha wageni. Adabu."

"Miaka yote hii hawajajenga njia ya pili?"

"Wamejenga kamati, Mzee Karki. Kamati ya pili imekwisha kabisa. Bado njia."

Walizunguka. Mtoto mmoja nyuma akatapika. Jhapat alihesabu jua likipita dirishani kwake mpaka akaacha kuhesabu. Chini yao, mahali fulani chini ya lile blanketi la vumbi na moshi, Apsara alikuwa amekaa juu ya sanduku lake mbele ya mlango wa safari za nje, anamngoja.

Kisha rubani akasema tena kwenye spika, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu isiyo yake. Mafuta yanapungua. Zamu yao haijafika. Wanarudi Biratnagar kuongeza mafuta.

Ndani ya ndege watu walipiga kelele, kisha wakanyamaza, kama abiria wafanyavyo. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini yule huwa anatembea ndani ya chombo kwa hiari yake. Hawa walikuwa wamezungushwa. Vilima vikapita tena, mto ukapita tena, mashamba ya haradali yakarudi. Ndege ikatua pale pale ilipotoka.

"Tunaomba abiria wote washuke," alisema mhudumu, "tujaze mafuta. Msiondoke uwanjani, tunaruka tena."

Watu wakashuka wakilalamika, Ghewarchand mbele yao kwa sababu alitaka choo. Jhapat hakushuka. Alikaza mkanda, akaukumbatia mkoba, akatazama mbele.

Mhudumu alimjia. Alikuwa msichana wa milimani, jina lake Junu, limeandikwa kifuani.

"Babu, tunashuka kidogo."

"Nyinyi shukeni."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Mimi nimetoka nyumbani Alhamisi kwa saa njema. Mkoba ulilala kwa jirani. Safari yangu ni moja, haijakatika. Nikigusa ardhi ya Biratnagar, imekwisha. Nikipanda tena, nimeondoka Ijumaa kwenda magharibi. Unataka niende kumbariki mtoto kwa safari ya nuksi? Hapa kwenye kiti bado ni Alhamisi. Sishuki."

Junu hakucheka. Alikuwa na bibi naye. Aliinama, akasema polepole, "Basi fanya hivi, Babu. Mkoba uache kwenye kiti, wewe shuka. Saa si imo kwenye mkoba?"

Jhapat akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kwa sababu msichana alikuwa ameuliza kwa adabu. Kisha akatikisa kichwa.

"Haiwi. Mkoba hutangulia mbele, mwenyewe akaufuata. Hapa mkoba ungebaki nyuma na mimi natangulia. Hiyo ni kinyume. Hiyo ni safari ya maiti, yeye hutangulia na vyake vikabaki."

"Babu, sheria inasema lori la mafuta lisisogee kama kuna mtu ndani."

"Sheria ya nani?"

"Ya wakubwa."

"Ahaa," alisema Jhapat, na akakaza mkanda zaidi.

Rubani akaja. Alikuwa kijana, shingo nyembamba, miwani ya jua imekaa juu ya nywele.

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi ndiye rubani."

"Wewe ndiye uliyenirudisha?"

"Mimi naamriwa na walio chini, kule mnarani."

"Na walio chini wanaamriwa na nani?"

"Na walio juu yao."

"Umeona? Siku zote kuna walio chini na kuna walio juu, na hakuna hata mmoja aliyefanya kitu. Mke wangu alilala kwenye machela ukumbi huo hapo nje, nikauliza nani mwenye amri. Kila mtu akanionyesha mwingine. Leo nimekaa. Waleteni wote, walio chini na walio juu, wanitoe kwenye kiti."

Rubani alimtazama Junu, Junu akatazama zulia. Rubani akaenda zake kutafuta mtu wa kumwambia.

Jhapat alibaki peke yake. Dirishani aliliona lori la mafuta limesimama mbali, dereva ameketi kivulini anatafuna karanga. Akajisikia vizuri. Muda mrefu sana hakuwa amejisikia hivyo. Kwa miaka miwili alikuwa ametukana redio, na redio haijibu. Leo walikuwa wanakwenda na kurudi kwa ajili yake, wanapiga simu, wanakuna vichwa.

Simu ikalia. Apsara.

"Baba, uko wapi? Ubao unasema mmerudi."

"Tumerudi. Lakini mimi sijarudi. Niko ndani ya ndege."

"Sijaelewa."

"Huna haja ya kuelewa. Nakuja. Usiingie."

"Siingii." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mtu akimwita kwa jina. "Wenzangu wote wameshaingia. Wakala ananifokea, anasema dirisha la mizigo linafungwa saa tisa na ndege haimngoji mtu. Nimemwambia Baba anakuja, ni dakika thelathini na tano tu."

"Ni dakika thelathini na tano," alisema Jhapat.

"Basi mimi nipo hapa mlangoni. Nimekaa juu ya sanduku."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa saba na nusu imepita. Jhapat akatazama tena lori la mafuta. Dereva alikuwa amemaliza karanga, anakung'uta maganda mapajani.

Ghewarchand akapanda ngazi akihema. Alikuwa amesahau shali yake kwenye kiti. Aliichukua, akaikunja, lakini hakuondoka.

"Mzee Karki. Kathmandu wamefungua njia. Foleni imekwisha, wametupigia simu tuje sasa hivi. Ndege zote zinaondoka. Yetu haiondoki."

"Kwa nini haiondoki?"

"Haina mafuta."

"Si wajaze!"

"Wajaze vipi na wewe umekaa?" Ghewarchand akajitanda shali. "Kule ukumbini kuna mama mmoja anapeleka mtoto hospitali ya macho. Ananiuliza nani amezuia ndege. Nimwambie nani? Nimesema kuna mkubwa mmoja humo ndani, ana mambo yake, tumngoje. Leo serikali ni wewe, bwana mkubwa."

Akashuka zake. Ngazi zikalia chini ya uzito wake, kisha zikanyamaza.

Jhapat alikaa. Alimwona Dhanmaya kwenye machela. Alikumbuka kwamba siku ile, katikati ya mchana, alimwuliza mtu wa uwanja: huyo anayesababisha tungoje, ana jambo gani kubwa hivyo? Na yule mtu akainua mabega tu.

Akapiga simu.

"Apsara. Ingia ndani."

"Umefika?"

"Sijafika. Ingia."

"Baba, bado kuna muda, dirisha halija..."

"Nisikilize. Mama yako alingoja ndege. Nilimwambia, ngoja kidogo Dhanmaya, inakuja, ni dakika thelathini na tano tu. Akangoja kwa sababu nilimwambia mimi. Sasa wewe nakwambia usingoje. Chukua sanduku lako, uingie."

"Na tika?"

"Nitaibandika popote nitakapokuona. Kama si leo, siku nyingine."

"Miaka mitano, Baba."

"Najua kuhesabu. Ingia! Au unataka nimwambie wakala wako akubebe?"

Alisikia kitu kama kicheko kilicholowana, kisha magurudumu ya sanduku yakikwaruza sakafu. Hakukata simu mpaka aliposikia mashine za ukaguzi zikilia na mtu akimwambia Apsara aweke simu kwenye sinia.

Ndipo akafungua mkanda. Akautundika mkoba begani, akashuka ngazi moja moja, akimpita Junu bila kumtazama. Mguu wake ukagusa lami ya Biratnagar. Saa njema ya Alhamisi ikaisha pale pale, bila kishindo. Lori la mafuta likawashwa.

Ukumbini watu walimpisha. Mama mwenye mtoto alimtengea nafasi kwenye kiti cha bati.

"Wamekushusha?" aliuliza.

"Nimeshuka."

"Na huyo mkubwa aliyekuwa ndani?"

"Ameshuka pia," alisema Jhapat.

Walipoitwa kupanda tena ilikuwa saa kumi imepita, maana zamu yao walishapewa wengine. Ghewarchand, aliyekwisha kusimuliwa habari za binti, alimtazama. "Binti si umemwambia aingie? Sasa wewe unakwenda kufanya nini?"

"Nikirudi nyumbani saa hizi Ful Kumari atanicheka mpaka masika," alisema Jhapat. Ilikuwa sababu ya kutosha, na nyingine hakuwa nayo. Akapanda.

Safari hii hapakuwa na maneno mengi. Mashamba, mto, vilima, uzi wa barabara ya Sindhuli. Chai haikuletwa. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mbele, na bonde la Kathmandu lilipotokea lilikuwa limejaa moshi wa dhahabu. Ndege haikuzunguka hata mara moja. Ilishuka moja kwa moja kama iliyoitwa kwa jina, ikagonga chini, ikarukaruka kidogo, ikakimbia.

Kabla haijapunguza mwendo, simu za abiria zilianza kulia, maana huko kwao hakuna mtu angojaye ndege isimame. Ya Jhapat ililia pamoja nazo.

"Baba! Uko wapi?"

"Nimetua. Magurudumu bado yanakimbia. Na wewe?"

"Nimo ndani, nimefunga mkanda. Tulikuwa tuondoke, lakini tumesimamishwa pembeni ya njia. Wanasema tupishe ndege ndogo itue kwanza."

"Ndogo ya namna gani?"

"Sijui. Ya pangaboi. Imepita sasa hivi mbele yetu, ina mkia wa kijani."

Jhapat akamgeukia jirani yake. "Tajiri, mkia wetu rangi gani?"

"Kijani. Kwani vipi?"

"Apsara!" alipaza sauti mpaka ndege nzima ikageuka. "Hao ni sisi! Mnanipisha mimi!"

Ndege yao ilikunja kona, ikaingia njia ya pembeni, ikasimama. Na pale, ng'ambo ya majani makavu, ilisimama ndege kubwa nyeupe, tumbo kama la nyati, imeelekeza pua njiani. Ilikuwa karibu kiasi cha mtu kuweza kumwita mwenzake kondeni, kama si mngurumo.

"Nakuona, Baba! Yaani naiona ndege. Niko upande huo huo, nyuma ya bawa."

"Nyuma ya bawa dirisha la ngapi?"

"Sijui, la ngapi... la tisa? La kumi? Inaanza kusogea, Baba. Wanasema tuzime simu."

Jhapat alikuwa ameshafungua mkoba. Mtindi ulikuwa umemwagika nusu, umelowanisha mikate. Akatia mchele ndani ya kikopo, akamwaga unga mwekundu wote, akavuruga kwa vidole vya mkono wa kulia. Simu aliibana kwa bega. Akanyoosha mkono, akabandika tika kwenye kioo cha dirisha, pale ilipoonekana sehemu ya nyuma ya bawa la ndege kubwa. Ilipokuwa inasogea, naye akabandika tena pembeni, na tena pembeni.

"Babu!" Junu aliinuka kitini pake. "Babu, dirisha la watu!"

"Mwache," alisema Ghewarchand. "Nitalifuta kwa shali yangu."

"Uishi miaka mingi," Jhapat alikuwa anasema kwenye simu, kwa haraka, kama mtu anayepakia gari linaloondoka. "Uende salama urudi salama. Mguu wako usijikwae. Mkono wako usikose. Wazee wa watu uwaoshe vizuri. Wakubwa wa huko wakikuonea, uwaambie una baba..."

Simu ilikuwa imekatika. Hakujua imekatika tangu neno gani. Ndege kubwa ilishika njia, ikanguruma, ikaanza kukimbia, madirisha yake yote yakapita nyuma ya tika moja baada ya jingine, madogo kama punje. Jhapat aliendelea na baraka mpaka mwisho, kwa sababu baraka haikatwi katikati. Alipomaliza, ndege ilikuwa juu ya vilima, inakata kulia kuelekea mashariki.

Mchele mwekundu uliteremka polepole kwenye kioo. Ghewarchand akatoa shali, akaitazama, ikamwuma, akairudisha, akatoa leso.

"Una hakika umempata, Mzee Karki? Yale madirisha ni mengi."

"Nimeyabandika yote."

"Na wale wengine?"

Jhapat alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwenye ukingo wa mkoba.

"Wengine wamepata bure," alisema. "Na kama kulikuwa na mkubwa humo ndani, basi naye amepata. Bahati yake."